Grafu Iliyonipa Barua ya Onyo

Vijana wa idara wameniomba niwaandikie jinsi kazi za kompyuta tunazowapa wanafunzi zilivyoanza katika chuo chetu cha ualimu, kwa sababu wao wamezikuta zipo na wanadhani zilijengwa pamoja na madarasa. Nimestaafu mwezi uliopita. Nina muda, nina meza, na mke wangu amechoka kuniona nikizungukazunguka banda la kuku nikiwakagua kuku kama wanafunzi, kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, havina la kumfundisha mtu. Nitaeleza kazi yenyewe, na nitaeleza kosa moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia aibu masikioni.

Nilifika Ikwiriri nikiwa kijana, mkufunzi mpya wa hisabati, mtu wa Singida ambaye kwao maji ni kitu cha kutafutwa. Nilishuka kwenye lori la mizigo nikiwa na sanduku la bati na matope mpaka magotini, maana kuanzia Kibiti lori lilikwama mara tatu, na kila mara abiria tulishuka kusukuma. Mkuu wa chuo wa wakati ule alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akasema, "Karibu Rufiji, Mwalimu Kitundu. Hayo matope usihangaike kuyaosha yote, kesho yapo mengine." Nilidhani ananitania. Kesho yake nilikuta kweli yapo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Mfaume, mkufunzi wa jiografia, mwenyeji wa Mahege. Alikuwa mrefu na mkavu, na kidole chake cha shahada kilikuwa cheusi kwa wino mwaka mzima. Siku hizo kutunga mtihani ilikuwa kazi ya mikono. Unachapa kwenye karatasi ya stensili, ukikosea unapaka dawa nyekundu ya kusahihishia, unapuliza ikauke, unachapa tena juu yake. Kisha unaivisha kwenye mashine ya kurudufia na kuzungusha mkono wa mashine mpaka bega liume. Kwa taabu hiyo mtu alifikiri kabla ya kuandika swali. Siku hizi mnatunga maswali arobaini kabla chai haijapoa, na yanaonekana.

Mwaka wangu wa kwanza Mwalimu Mfaume alishikwa na homa, nikaambiwa nimshikie jaribio lake la jiografia. Nikatoa swali kutoka kitabuni: taja madhara manne ya mafuriko. Wanafunzi wa bondeni wakaandika dhara moja, wengine hata moja hawakuandika, kisha wakaanza kuyasifu mafuriko. Yanaleta udongo mpya mashambani. Yanajaza mabwawa samaki. Yasipokuja mpunga haunawiri na mwaka huo ni wa njaa. Nikawapa sifuri wote, kwa kalamu nyekundu, na moyo mweupe kabisa.

Mwalimu Mfaume aliporudi alisoma karatasi zile taratibu, moja baada ya nyingine.

"Kitundu, hawa umewauliza wanachokijua wao au unachokijua wewe?"

"Nimewauliza kilichomo kitabuni, Mwalimu."

"Na kitabu kililima wapi?"

Nikasahihisha upya karatasi zote, usiku na mchana siku mbili. Nikajisemea kwamba somo hilo limeniingia na halitatoka. Mtaona lilivyotoka.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za rangi, redio kaseti, saa za kuwaka, na vikokotoo vidogo vinavyotumia mwanga wa jua. Wanafunzi walivileta kutoka Dar es Salaam mifukoni mwa mashati, na kazi zangu za hisabati zilizokuwa zikiwachukua wiki nzima zikaanza kurudi baada ya chakula cha mchana. Baraza la wakufunzi likakaa. Wengi walitaka vikokotoo vikusanywe getini, viwekwe stoo mpaka likizo. Mwalimu Mfaume alisubiri wote wamalize, akasema, "Kama kidude cha mfukoni kinajibu swali lako, basi swali hilo ulikitungia chenyewe. Mtungie mwanafunzi." Hakuna aliyempenda sana siku ile.

Likizo hiyo mimi na yeye tulibaki chuoni tukibadilisha kazi zote za hisabati. Badala ya kumwambia mwanafunzi zidisha na gawanya, tulimtuma sokoni na mzani wa maabara, apime pishi ya mchele ya wauzaji watatu, kisha aeleze kwa nini hazilingani. Kikokotoo aliruhusiwa, tena kwa furaha. Walirudi na majibu mazuri, na mmoja alirudi na shati lililochanika, maana kuna muuzaji hakupenda pishi yake ichunguzwe. Kazi ile ilidumu miaka mingi. Mwalimu Mfaume alistaafu baada ya hapo akarudi kwao Mahege, na kompyuta zikafika yeye akiwa hayupo. Nasema hivyo kwa sababu laiti angekuwepo, mambo ninayoyaeleza sasa huenda yasingetokea.

Kompyuta zilikuwa mbili, za mtumba, msaada wa wahisani. Zililetwa kwenye pikapu zimezungushiwa magodoro kama wagonjwa. Mimi nilikuwa nimepelekwa kozi ya wiki mbili mjini, kwa hiyo nikawa mtaalamu. Tukasafisha stoo ya zamani ya vitabu, tukaweka wavu madirishani, na kila anayeingia akavua viatu mlangoni. Umeme ulikuwa wa jenereta, saa mbili tu kila alasiri. Wanafunzi wanane waliizunguka mashine moja. Anayeshika kibodi tulimwita dereva na waliobaki ni utingo, kila mmoja anatoa maelekezo. Disketi tulizihifadhi kwenye kopo la biskuti lenye mchele mkavu ili mchele unyonye unyevu. Panya wakaja kwa ajili ya mchele, wakaondoka na lebo za disketi.

Kazi ya kwanza niliyotunga ilikuwa ovyo, sina haja ya kuificha. Niliwaambia wachape nukuu zao za somo. Muhula mzima tuliteketeza dizeli ili kutumia kompyuta kama taipureta. Ya pili ilikuwa afadhali kidogo. Ya tatu ndiyo niliyojivunia.

Wanafunzi wetu walikuwa wakienda mazoezi ya kufundisha wiki nane, wengi wao katika shule za karibu na kwao, kwa kuwa nauli ilikuwa tatizo. Nikawaagiza kila mmoja achague darasa moja, aandike kila siku nani kaja na nani hakuja. Wakirudi chuoni wataingiza mahudhurio yale kwenye jedwali la kompyuta, mashine itachora grafu, na grafu itatolewa kwenye ile printa yetu ya pini iliyolia kama cherehani bovu. Niliona nimepata kazi yenye miguu: inatoka shuleni, inapita kwenye mashine, inarudi kwa mwalimu ikiwa na maana. Kwa kuwa saa za umeme zilikuwa chache na mimi ndiye msahihishaji peke yangu, nilimalizia maagizo kwa mstari wa herufi kubwa: MAELEZO YA ZIADA HAYAHITAJIKI. Mstari huo ushikeni vizuri.

Kazi ziliporudi niligundua kitu ambacho kozi yangu haikunitahadharisha. Mashine inayokuwezesha kuandika haraka inakuwezesha pia kudanganya haraka. Vijana watatu walikuwa wamehesabu wiki mbili tu za mwanzo, kisha wakazinakili zile namba na kuzibandika mara nne mpaka wiki nane zikatimia. Grafu zao zilipanda na kushuka kwa mpangilio uleule kama msumeno. Niliwaita, wakakiri kabla sijamaliza sentensi. Nikawa mkali na mwenye kiburi cha mpelelezi, nikarudia lundo lote nikitafuta misumeno mingine.

Nikaipata ya Zuhura.

Zuhura Mbonde alitoka deltani, kule mto Rufiji unakoingia baharini. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, na alikuja chuoni akiwa amemwacha mtoto wake kwa bibi. Alichapa kwa kidole kimoja, polepole, na sijawahi kumwona akifuta alichochapa. Mazoezi aliyafanya katika shule moja ya kijiji cha kwao. Grafu yake ilikuwa mawimbi matupu: mahudhurio juu, yanashuka mpaka darasa libaki nusu, yanapanda tena, yanashuka tena, kila baada ya wiki mbili na kidogo. Namba zenyewe hazikufanana moja kwa moja na hilo nililiona, lakini nikasema huyu ni mjanja kuliko wale, amenakili kisha akabadilisha hapa na pale. Watoto wa kweli hawaumwi kwa zamu. Nikampa sifuri na jina lake nikalipeleka kamati ya nidhamu pamoja na ya wale watatu.

Kamati ilikaa Jumanne. Wale vijana walikiri, wakapewa adhabu ya kufyeka uwanja na kurudia kazi. Zuhura aliulizwa kama naye amenakili.

"Hapana, Mkuu. Nimehesabu."

"Sasa kwa nini watoto wanakuja na kutoweka kwa mpangilio hivi?"

"Nimehesabu tu, Mkuu."

"Binti, ukikiri tunakusamehe kama tulivyowasamehe wenzako," Mkuu wa chuo alisema, na alisema kwa upole kweli. "Ukibaki hivyo tutaona umedanganya, na tena umekataa kurudi kwenye haki. Hapo hatuna la kufanya, ni kukuondoa chuoni."

"Siwezi kukiri nisichokifanya, Mkuu."

Akapewa mpaka Ijumaa alasiri. Baada ya hapo jina lake lingepelekwa juu, na likishafika huko halirudi. Nilitoka kikaoni nimeridhika. Huo ndio ukweli na lazima niuandike, maana nikiuficha nitakuwa nimenakili na kubandika kama wale vijana.

Jumatano saa nne nilikwenda jikoni kunywa chai, nikiwa na karatasi zile kwapani kwa kuwa nilikuwa naandika ripoti ya kamati. Jiko la chuo lilikuwa chini ya Bi Somoe, aliyezaliwa deltani na aliyetulisha sote, wakufunzi na wanafunzi, bila kumwogopa yeyote. Niliweka karatasi mezani nipokee kikombe. Alikuwa akikanda unga wa maandazi. Akaitazama ya juu, akainamisha kichwa.

"Mwalimu, na wewe siku hizi wachora maji?"

"Maji gani, Bi Somoe? Hii ni grafu ya mahudhurio ya shule."

"Mahudhurio siyajui mie. Haya hapa bamvua. Hapa mafu. Hapa bamvua tena." Kidole chake chenye unga kiliacha alama nyeupe kila alipogusa. "Ila mmeyapindua. Bamvua mmeliweka bondeni."

"Bamvua ni nini hasa?"

Akaacha kukanda. Nadhani hakuamini kwamba mtu aliyekula kwake miaka yote ile anaweza kuuliza swali hilo.

"Maji makubwa, baba. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu. Yakijaa yajaa mno, na yakitoka yatoka mno, asubuhi ya saa nne saa tano matope yako wazi kabisa. Ndipo watu wote mikokoni, mkubwa na mtoto, kuwavuta kaa mashimoni. Zamani twala wenyewe. Siku hizi wanunuzi watoka mjini wamekaa na matenga yao wangoja. Nani atabaki? Maji yakiwa mafu, hayajai wala hayatoki sana, hakuna kitu, watoto ndio warudi shule." Akarudi kwenye unga wake. "Katoka kwetu aliyechora hii. Kaijulia."

Chai niliiacha pale pale. Katika ofisi ya wakufunzi, juu ya kiti cha mwenyekiti, kulikuwa na kalenda ya msikiti inayoonyesha tarehe za mwezi mwandamo. Niliishusha nikailaza kando ya grafu. Kila bonde liliangukia mwezi mosi, pili, tatu, au kumi na tano mpaka kumi na saba. Kila kilele kilikuwa katikati. Hakuna hata siku moja iliyokwenda kombo. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeishi Rufiji zaidi ya miaka kumi, nimekula kaa wa delta na wali wake, na sikuwahi kuuliza wanavuliwa siku gani. Na hapo nilisikia sauti ya Mwalimu Mfaume waziwazi kabisa ikiniuliza kitabu kililima wapi.

Zuhura nilimkuta alasiri bombani, akifua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zuhura, ni bamvua?"

Alikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, akaikung'uta, akaitundika. Kisha akanigeukia.

"Nani kakwambia?"

"Bi Somoe. Kwa nini hukusema kamatini? Neno moja tu lingekuokoa."

"Neno hilo katibu angeliandika, Mwalimu. Likiandikwa litafika wilayani. Likifika wilayani litarudi kwetu na mgambo." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Mwaka juzi kuna mzazi, mwanawe alikutwa mikokoni siku ya shule. Mtendaji wa kijiji akauchukua mtumbwi wake, ukawekwa nyuma ya ofisi. Ukakaa huko mpaka msimu wa kupanda ukapita. Shamba lake liko ng'ambo ya mto. Atavukaje? Mwaka ule hawakuvuna. Mwanawe yule nimemfundisha mimi, wiki hizo nane. Ni wa darasa hilohilo nililokuhesabia."

"Lakini wewe utafukuzwa."

"Nitafukuzwa mimi mmoja."

Alichukua nguo nyingine.

"Mimi mwenyewe, Mwalimu, daftari zangu za shule nilizinunua kwa kaa. Wewe ulituambia tuhesabu kweli, nikahesabu kweli. Hukutaka kujua kwa nini. Uliandika kabisa, kwa herufi kubwa."

Nilimwomba radhi. Aliinama tu, akasema, "Ahsante, Mwalimu," lakini hakusema yameisha. Nilipoanza kuondoka aliniita.

"Mwalimu. Usiseme habari za kaa. Nakuomba."

Siku hiyo na kesho yake nilitembea na jambo hilo kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu. Nikieleza sababu, Zuhura anapona na mitumbwi inakwenda. Nisipoeleza, mitumbwi inapona na Zuhura anakwenda. Nilimwandikia Mwalimu Mfaume barua kumwomba shauri, nikaichana, maana isingefika Mahege kabla ya Ijumaa. Mwishowe niliona kwamba kuna mtu wa tatu ndani ya hesabu hiyo, na mtu huyo ni mimi.

Ijumaa baada ya sala kamati ikakaa katika ofisi ileile ya wakufunzi. Niliomba kusema kwanza.

"Mkuu, ninaondoa tuhuma dhidi ya Zuhura Mbonde. Kazi yake ni sahihi. Kosa ni langu."

"Kuna ushahidi mpya?"

"Hakuna, Mkuu. Karatasi ni ileile. Niliisoma vibaya."

Mkuu wa chuo alivua miwani. "Mwalimu Kitundu, chuo kizima wewe ndiye mtaalamu wetu wa kompyuta. Kazi hii uliitunga wewe. Unatuambia umeshindwa kusoma grafu?"

"Ndiyo, Mkuu."

Mkufunzi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Umeshindwa wapi? Tueleze na sisi tujue."

Kalenda ya msikiti nilikuwa nimeirudisha ukutani, na ilining'inia palepale juu ya kichwa chake. Ningeinua kidole tu. Mimi ni mwalimu. Hakuna kitu kinachoniwasha kama jibu ninalolijua. Nilishika magoti yangu kwa mikono miwili chini ya meza.

"Sikuielewa tu, Mkuu. Nilidhani naielewa."

Zuhura alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakunitazama, alitazama sakafu, lakini niliona mabega yake yakishuka kidogo kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kamati ikamwondolea tuhuma na kumrudisha darasani. Mimi nikapewa barua ya onyo, na kwa muhula mzima sikuruhusiwa kusahihisha kazi ya kompyuta peke yangu. Kila alama niliyotoa ilitiwa saini na mkufunzi mdogo aliyekuwa hajui hata mashine inawashwa wapi. Wanafunzi nao hawakukawia kuniita Mwalimu Grafu. Nilichukia, nisiseme uongo. Kuna siku nilikaa kwenye kile chumba cha kompyuta, viatu vyangu viko mlangoni, nikataka kulia.

Ilibaki disketi, maana ndani yake majina ya watoto yalikuwa yameorodheshwa yote. Nilimwita Zuhura alasiri moja jenereta ikiwaka, nikamwonyesha pa kubonyeza. Alifuta majina yote mwenyewe, kwa kidole chake kimoja, jina moja moja, ingawa nilimwambia kuna njia ya kuyafuta kwa mkupuo. "Nataka niyaone yakitoka," alisema. Tukabaki na namba tupu na mawimbi yake.

Likizo ilipofika nilikwenda Mahege kumsimulia Mwalimu Mfaume. Alicheka mpaka mke wake akatoka ndani kuangalia kuna nini. "Hiyo ni mara ya pili, Kitundu," alisema akijifuta macho. Kisha alinisaidia kuandika upya maagizo ya kazi ile, mimi na yeye kwenye mkeka, kama zamani. Tulifuta ule mstari wa herufi kubwa. Mahali pake tukaandika: "Eleza jambo moja unalolijua kuhusu namba hizi ambalo kompyuta hailijui. Ukipenda, mweleze mkufunzi kwa mdomo." Hayo maneno ya mwisho yalikuwa yake. Mimi nilikuwa nimeshawaza yote isipokuwa kwamba yapo mambo ambayo mtu mwaminifu hawezi kuyaweka kwenye karatasi.

Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha vijana wangu. Nimesikia mnataka kuiondoa sehemu ya maelezo ya mdomo kwa sababu mfumo wenu mpya wa mtandaoni hauna mahali pa kuijaza. Najua inakula muda. Kwenye kiti kile cha mbao pembeni ya meza yangu wanafunzi wameniambia kwa nini watoto wanasinzia msimu wa kulinda ndege na nyani mashambani, kwa nini darasa fulani huwa na wasichana wachache, kwa nini mwalimu mkuu fulani daftari lake la mahudhurio halina hata siku moja ya upungufu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kuingia kwenye mashine yoyote, na ndiyo yaliyonifundisha kutunga kazi za mashine. Ondoeni kitu kingine.

Zuhura alihitimu akarudi deltani kufundisha, na sasa ni mwalimu mkuu. Majaribio yake yote huyapanga siku za maji mafu, na siku za bamvua kubwa huanza masomo mchana maji yakianza kujaa. Wakaguzi walipomuuliza, alisema ni sababu za kijiografia. Nilimtafuta kabla ya kuandika haya nikamwomba ruhusa. "Wale wazazi sasa ni mababu, Mwalimu, na mtendaji yule alishahama zamani," alisema. "Andika. Lakini kijiji usikitaje." Sijakitaja.

Siku yangu ya mwisho kazini binti wa masijala aliniletea faili langu nilihakiki kabla halijafungwa. Nilipitia tathmini zangu za kila mwaka. Mchapakazi, mwadilifu, mwenye ujuzi wa hali ya juu wa kompyuta. Nikafungua ya mwaka uliofuata: mchapakazi, mwadilifu, mwenye ujuzi wa hali ya juu wa kompyuta. Zilikwenda hivyo mfululizo, neno kwa neno, mkono wa mtu mmoja ukinakili wa mwenzake, na hakuna aliyeitwa kamati ya nidhamu. Katikati yao ilikuwemo ile barua, kingo zake zimegeuka rangi: umeonywa kwa kushindwa kuelewa kazi ya mwanafunzi.

"Hii tunaweza kuitoa, Mwalimu," binti alisema kwa huruma. "Ni ya zamani sana, isikuharibie faili."

Nikamwambia aiache. Ndani ya faili lile zima, hiyo ndiyo karatasi pekee iliyoandika kitu nilichokifanya kweli.